Ukuta wa Bibi Nakawala

Mwanangu, iko asubuhi moja ya kiangazi ambayo huwa naikumbuka kila nikisikia mtu anataka kujenga. Nilikuwa kijana bado, nimeshuka kutoka Itumba kuja Tunduma kubeba mizigo mpakani. Biashara ilikuwa imefunguliwa, watu wanamiminika kutoka kila mkoa, na kila aliyepata upenyo alipandisha tofali. Nani aliuliza barabara itapita wapi? Hakuna.

Nilipanga chumba upande wa Chapwa kwa mjane mmoja, Bibi Nakawala. Alikuwa Mnamwanga mfupi, mkali wa maneno, lakini usiku ukiugua atakuchemshia uji. Mbele ya nyumba alikuwa ameongeza chumba cha kuuzia chai na maandazi. Chumba hicho ndicho kilichomlisha. Ng'ambo ya barabara, tajiri mmoja wa mahindi alikuwa amejenga ghala, na ukuta wake nao ulikuwa umesogea barabarani. Katikati palibaki njia ya kupitisha baiskeli.

Basi asubuhi hiyo bwana ardhi wa halmashauri alikuja na kopo la rangi nyekundu. Akapiga alama ya X kwenye chumba cha chai na kwenye nyumba nyingine za upande wetu. Akasema hiyo ni hifadhi ya barabara, tubomoe wenyewe kabla ya mwezi kwisha. Kisha akafunika kopo lake. Ghala hakuligusa.

Sisi vijana tuliwaka hasira. Tukakusanya mawe, tukakubaliana kumzingira kabla hajafika kwenye gari lake. Bibi Nakawala akatoka, mikono imejaa unga, akasimama mbele yangu.

"Hilo jiwe ni la nani?"

"La kwake, bibi. Anakuonea."

"Liweke chini. Ukimpasua kichwa, wewe utalala polisi na mimi nitavunjiwa vilevile. Nani atakuwa amenisaidia?"

Nikaliweka. Hasira haikuwa imeniisha, lakini nikaliweka.

Akamfuata yule bwana ardhi. Hakupiga kelele. "Mwanangu, nieleze. Kwa nini barabara iwe pana hivyo?"

Nadhani hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote siku ile, maana aliweka kopo lake chini. Yule bwana akamkumbusha nyumba ya jirani yetu iliyoungua mwaka uliotangulia. Gari la zimamoto lilikuwa limesimama kule barabara kubwa likashindwa kuingia, na mama mmoja alipoteza mtoto wake mle ndani. Bibi Nakawala akainamisha kichwa. Yule mtoto alikuwa akija kununua maandazi kwake.

"Sawa," akasema. "Hapo umenieleza. Sasa lete futikamba."

Wakapima. Chumba chake kilikuwa kimeingia barabarani kweli. Bibi akaingia ndani, akatoka na sururu ya marehemu mumewe, akaanza kubomoa ukuta wake mwenyewe, watu wote wanamwangalia. Tofali la kwanza, la pili. Mimi nilishindwa kusimama tu, nikaenda kumsaidia. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuacha kupiga.

Alipochoka, akamgeukia bwana ardhi. "Changu nimeshaanza. Sasa tuvuke na hiyo futikamba yako ng'ambo."

Yule bwana akababaika, akasema habari ya ghala iko kwa wakubwa.

"Barabara ina pande mbili, baba. Gari la kuzima moto litapita upande wangu peke yake?"

Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amefuatana na bwana ardhi tangu mwanzo, akashika ncha moja ya futikamba. Watu wakavuka pamoja naye, bila jiwe, bila tusi. Wakapima mbele ya tajiri mwenyewe. Rangi ikapigwa na kule. Haikuwa rahisi, ghala lilichelewa kuvunjwa hata mvua zikaanza, na Bibi Nakawala aliuza chai chini ya turubai msimu mzima. Lakini lilivunjwa. Barabara ile ipo mpaka leo, na malori yanapishana.

Mwanangu, ninalokuambia ni hili. Kabla hujachimba msingi, nenda ofisi ya mtaa, nenda halmashauri, uliza mipaka yako na uchukue kibali. Usijenge Jumamosi na Jumapili ukidhani ofisi zikifungwa na sheria imelala. Ukiambiwa umekosea, uliza sababu kabla hujakasirika, na sababu ikiwa ya kweli, ikubali hata ikikuuma. Kisha simama wima, udai sheria hiyo ipimwe kwa kila mtu, mwenye kibanda na mwenye ghala. Anayetii sheria ana haki ya kuidai kwa mwenzake, na hapo hata mkubwa hupata taabu kumjibu.

Mungu akupe kiwanja kisicho na kesi, akupe majirani wa kusemezana nao, na siku utakapohamia kwako, ulale usingizi bila kushtuka ukisikia gari limesimama nje. Amina.