Mama Nekesa Aliniuliza, Nikamjibu Uongo

Kosa ni langu. Naliweka mbele kabisa, kwa sababu najijua. Nikianza kusimulia huwa nazunguka, na ninaweza kufika mwisho nikiwa nimelaumu watu wote isipokuwa mimi.

Nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hivyo nivumilie. Miaka ya hamsini, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, nilikuwa nafagia zahanati ya shamba moja la kahawa huku Ruiru. Kufagia, kuosha chupa, kuchemsha sindano. Mkubwa wangu alikuwa dresa, yaani yule aliyetibu wafanyakazi, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyeitwa Wafula. Mtu mpole sana. Alinifundisha kufunga kidonda na kusoma maandishi ya chupa. Mke wake, Mama Nekesa, alinipa ugali wa wimbi, na mimi Mkikuyu niliula kwanza kwa adabu, baadaye kwa tamaa.

Basi ikaja homa. Mpya kabisa, ati imetoka ng'ambo na meli, ikapanda treni. Mtu anaamka mzima, anachuma kahawa, saa sita anakohoa, jioni hawezi kuinua kichwa. Kule kwa laini, zile nyumba zetu za wafanyakazi, ilipita mlango kwa mlango. Wafula alijaribu kila alichokuwa nacho, dawa ya kikohozi, kwinini, mpaka akamaliza rafu. Hakuna kilichosaidia. Kisha naye akaanguka.

Alijilaza peke yake kwenye chumba cha zahanati, akamkataza mkewe hata kufika mlangoni. Mama alihamia kwa jirani na mtoto wao Nekesa, aliyekuwa bado ananyonya.

Ndipo Wafula akanituma Thika, hospitalini, nikaulize kama dawa imepatikana. Siku hizo sisi Wakikuyu hatukutoka shambani bila pasi, karatasi ya ruhusa, na iliandikwa pasi moja tu, yangu. Ishike kichwani hiyo pasi. Laini nzima ya Wakikuyu, hakuna mwingine angeweza kwenda kuuliza.

Nilienda na baiskeli ya zahanati. Haikuwa na breki. Mteremko wa Ndarugu nilishuka nikiburuta kiatu chini, na kiatu chenyewe kilikuwa cha tairi, kwa hivyo tairi lilikuwa linasimamisha tairi. Askari wa kizuizi cha barabarani alinicheka mpaka akasahau kuangalia ile pasi. Lakini nimeanza kuzunguka.

Daktari niliyempata mwenyewe alikuwa na pua nyekundu kwa mafua. Aliniambia polepole kwamba dawa ya homa hii bado hakuna, inatafutwa. Tuwape wagonjwa asprini na maji mengi. Wagonjwa walale mbali na wazima. Watu wasikusanyike. Akaniambia nirudie maneno yale. Nikarudia mara tatu. Kwa hivyo siwezi kusema sikusikia.

Kurudi, nikakuta watu wamejaa getini, nyapara mbele yao. Mama mmoja akasema, "Mpisheni, daktari wetu amerudi." Ulikuwa utani, watu wakacheka, lakini walinipisha kweli. Mimi mfagiaji! Nilikuwa sijawahi kupishwa na mtu maishani mwangu. Nyapara akauliza Thika wamesema nini.

Ningejibu kwamba hawana dawa. Neno moja tu, hawana. Likanikwama. Nikakumbuka vile nyanya yangu alivyochemsha majani ya mkaratusi tukiwa na mafua.

Nikasema, "Wamesema mvuke."

Wafula alikuwa anaweweseka kwa homa, hakuna wa kunisahihisha. Tulichemsha majani kwa debe, tukachukua lile turubai la kufunikia kahawa iliyoanikwa kwenye meza mvua ikinyesha, tukafunika watu kumi kwa mara moja, wamezunguka debe, magoti yamegusana. Walikoholeana humo ndani, wakatoka wametota jasho wakisema kifua kimefunguka. Kesho yake walikuja wengi zaidi. Na mimi, Ngai anisamehe, nikaongeza kwamba hata wazima waingie, wajikinge. Hilo hata nyanya hakulisema.

Mama Nekesa alikuja siku ya tatu. Mzima kabisa. Hakuingia haraka kama wengine. Alisimama kando, akanivuta.

"Shemeji, baba Nekesa alisema tukae mbali na wanaokohoa. Huko Thika wamesema kweli wazima waingie na wagonjwa?"

Alinitazama machoni. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Ndiyo, mama. Wamesema."

Akafunga kitambaa vizuri kichwani, akaingia. Alikaa katikati ya wanaume wawili waliokuwa wanakohoa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshusha turubai.

Siku tatu hazikuisha kabla hajalazwa na homa. Wiki haikuisha kabla hatujamzika. Wafula aliinuka kitandani akitetemeka, akaja kaburini kwa fimbo.

Baadaye aliniuliza Thika walisema nini hasa. Nikamwambia, mvuke, dresa. Akaitikia kwa kichwa. Waliomfundisha udresa walikuwa huko Thika, angebishana nao vipi?

Miezi ikapita. Alipopata nguvu alienda Thika mwenyewe kuchukua dawa za zahanati. Alirudi mchana, akaweka katoni mezani, akaanza kupanga chupa. Mimi nilikuwa nafagia.

"Nimeonana na yule daktari," akasema. Akapanga chupa mbili, tatu. "Anakukumbuka. Anasema ulirudia maneno yake mara tatu bila kukosea."

Basi. Hakunipiga, hakunishtaki. Alinisubiri, nadhani, niseme kitu. Nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mwaka uliofuata alirudi kwao na mtoto, na hakuniaga.

Waliopona, ambao wangepona hata bila debe langu, waliniita Daktari. Jina likanishika. Mpaka leo huku Ruiru wajukuu wangu ni watoto wa kwa Daktari. Kila nikiitwa, naona ule mkono unafunga kitambaa.

Juzi korona ilipoingia, majirani walikuja kwangu na sufuria na blanketi. Daktari, dawa ni gani? Niliwaambia kupitia dirishani, hakuna, bado inatafutwa, rudini kila mtu kwake. Walikasirika. Mmoja akasema uzee umeniharibu akili. Ilinichukua zaidi ya miaka sitini kusema neno hilo, na kumbe halikuniua.

Wewe unayesoma, ukitumwa dawa ukakosa, rudi useme umekosa. Wakuzomee. Usikubali kupishwa njia kwa kitu ambacho hukuleta.

Na Nekesa, kama uko hai, na kama uliambiwa mama yako aliingia kwenye ule mvuke kwa ujinga, si kweli. Yeye peke yake katika laini nzima ndiye aliyeuliza.