Pikipiki Isiyouliza Daraja

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kwa tumbo kabla ya kuikumbuka kwa kichwa. Asubuhi ile, mwanangu, dada yangu mdogo Sifa alikuwa ameishiwa damu, na mimi, kwa kinywa changu mwenyewe, nilimfukuza motari aliyekuja na pikipiki yake ya abiria kumpeleka hospitali. Nimeanza na ujinga wangu ili usije ukakutana nao mbele ya safari ukasema nilikuficha.

Ninakuita mwanangu, najua. Nina miaka kumi na sita, bado ninatumwa chumvi, na ndevu zangu ni chache kiasi kwamba naweza kuzipa majina. Lakini nimewaona ninyi wa darasa la sita mkiizunguka pikipiki ya Mjomba Ramazani kila anapokuja kwetu Lusangi, mkiipapasa kama ng'ombe wa mahari, na mmoja wenu nimemsikia akiapa kwamba akikua atanunua ya hivyo hivyo. Basi kaa chini. Uzee si mvi peke yake. Kuna hofu inayomzeesha mtu kabla jua halijafika utosini.

Mjomba Ramazani ni kaka wa mama yangu. Ananunua dhahabu Salamabila, na pikipiki ile aliipata Kalemie kwa Mzungu mmoja aliyetaka kuzunguka nayo Afrika nzima, akafika kwetu, akaangalia barabara, akapanda ndege. Hapo tu, mwenye akili angejiuliza. Lakini kizuri chajiuza, mwanangu, nami sitakudanganya: ile pikipiki ni nzuri. Ina mdomo mbele kama wa hondohondo. Ina kioo cha kuzuia upepo, na masanduku ya chuma mawili ubavuni na la tatu nyuma. Ina vishikio vinavyojipasha moto ili mikono isipate baridi, Mungu wangu, hapa kwetu, ambako hata kivuli kinatoka jasho! Pikipiki za motari wetu hukohoa zikipanda kilima. Hii inapumua tu, kama tajiri aliyelala. Mjomba akiikalia, ni ncha za vidole vya miguu tu zinazogusa ardhi. Lakini nani anaangalia vidole?

Sasa, Sifa. Ana miaka minne. Malaria ilikuwa imemshika, na asubuhi ile muganga wa kituo cha afya alimfunua kope, akatazama viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama bugali wa muhogo.

"Mama," alisema, "huyu mutoto anaomba damu, na hapa hatuna. Kasongo, hospitali kubwa. Leo, si kesho."

Mama hakulia. Alimtuma mtoto wa jirani amwite Kaka Shabani, motari wa kijiji chetu, akarudi nyumbani kukusanya vikwembe, yaani vitenge, vya kumfungia mtoto.

Unajua mgonjwa anavyosafirishwa kwetu. Motari anakaa mbele, mgonjwa katikati, mtu wa kumshikilia nyuma, na kikwembe kinawafunga wote kuwa mzigo mmoja. Kiti cha pikipiki ndogo ni kimoja, kirefu, kimenyooka, mwili unaegemea mwili. Kaka Shabani amewapeleka hivyo wagonjwa wengi wa kijiji chetu, na anayajua magogo ya madaraja kama wewe unavyoyajua meno yako. Lakini Mjomba alikuwa amelala kwetu, lile dude limesimama uani linameremeta, na mimi nilikuwa sijawahi kulipanda. Ndipo shetani akaniazima ulimi.

"Mugonjwa iko tayari?" Kaka Shabani aliuliza bila kuzima moto wa pikipiki.

"Mama anasema urudi. Mjomba atatupeleka."

Mama hakusema kitu kama hicho. Kaka Shabani aliitazama ile kubwa, toka mdomo hadi masanduku.

"Musafiri, umepima daraja?"

"Hii haiulizi daraja! Yako ndiyo inakohoa kuliko mugonjwa mwenyewe."

Vijana waliokuwa uani walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Kicheko cha watu ni pombe, mwanangu, na mimi nilianza kuinywa tangu shule ya msingi. Kaka Shabani hakucheka. Alisema tu, "Haya, mudogo wangu," akageuza. Njiani alikuwa anangojwa na mchuuzi wa kwenda Salamabila, ambako motari wote walikuwa wameelekea kwa sababu ya soko. Nikaisikia pikipiki yake ikikohoa ikienda, ikienda, ikaisha.

Mama akatoka, Sifa kifuani. "Shabani iko wapi?"

"Amepata abiria mwingine, Mama."

Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza; unatoka wenyewe. Mjomba naye, aliyekuwa amesikia vijana wakilisifu dude lake, akajipiga kifua. "Dada, kwani mimi nimekufa? Panda!" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjomba alitia mto mzima.

Kabla ya kutoka, dude lilikunywa chupa zote za petroli za mama mmoja anayeuza kando ya njia, na wakati wote lilipokuwa likinywa, Sifa alikuwa akipumua kifupi kifupi kama kifaranga kilichonyeshewa. Kisha tukagundua kuwa kiti cha nyuma kiko juu kuliko cha mbele. Mama alikaa juu kuliko mabega ya Mjomba kama aliyepanda ukuta, na kikwembe hakikuweza kuwafunga pamoja. Mimi nilipandishwa juu ya sanduku la nyuma, niwe wa kumshikilia. Kweli nilimshikilia. Ila moyoni nilikuwa natafuta nani ananiona.

Na mwanzo ulikuwa mtamu, nikiri. Kwenye udongo mkavu mashimo yalipita chini yetu kama hadithi za watu wengine. Mama mwenyewe alisema, "Hii kitu ni kama kitanda." Nikavimba kama andazi. Nikajisemea, unaona, Musafiri, umemwokoa dada yako. Kisha Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Mbona ameacha kulia?" Nikaangalia. Sifa alikuwa amefumbua macho nusu, na weupe wa macho ulikuwa mkubwa kuliko weusi. Tokea hapo sikutazama tena nani ananiona.

Daraja lile unalijua: magogo mawili makubwa, mbao juu yake, na nguzo mbili kila upande ili watu wasianguke gizani. Mvua ilikuwa imechukua mbao nyingi. Motari wetu wakifika pale hushuka, pikipiki inatembea juu ya gogo moja, mtu anatembea juu ya gogo la pili akiishika kama mtu anayemsindikiza bibi yake. Mama alishuka kabla hajaambiwa. "Mimi napita kwa miguu," alisema, akavuka na mtoto, taratibu, nami nyuma yake.

Mjomba alijaribu kutembea kando ya dude. Sanduku la ubavuni lilimsukuma nje ya gogo, karibu aogelee. Akataka kuyafungua masanduku. Ufunguo wake ulikuwa umebaki Salamabila. Basi akapanda, akavuta moto, akaamua kupita kwa imani. Sanduku la kulia likagonga nguzo. Ile pikipiki ikainama polepole, kama mzee anayetafuta kiatu, ikalala kati ya magogo, gurudumu la mbele likining'inia juu ya maji. Mjomba aliungua mguu kwa bomba la moshi, na kovu lake bado analificha kwa suruali ndefu.

Wakulima waliokuwa shambani karibu wakaja. Wakashika, wakahesabu, wakainua. Wapi! Pikipiki ya kawaida watu wawili huibeba kwa mti, wanaimba. Hii walizunguka wote, wakapumua wote, mmoja akasema, "Huyu ni kiboko, iko naona tu mukia wake imekosa." Watu wakacheka. Mimi, mchekeshaji wa darasa zima, nilikuwa nimesimama upande wa pili, na nilitaka kuwapiga mawe wote wanyamaze, maana Mama alikuwa ameweka sikio kifuani kwa Sifa na haliondoi.

Mbele, barabara ilikuwa tupu. Nyuma, hata kama motari angetokea, dude limeziba daraja. Mama alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akaanza kutembea kuelekea Kasongo kwa miguu. Mwanangu, kuna mwendo wa mama ambao ukiuona umekufundisha yote, na shule inaweza kufunga.

Alikuwa hajafika kwenye kona tulipoona baiskeli nyuma yetu, ng'ambo ya daraja. Ni Papa Amisi, mmoja wa wale wanaosukuma mafuta ya mawese kutoka Kabambare, bidoni, yale madumu ya mafuta, zimeifunika baiskeli hadi hujui kama ina magurudumu. Wakulima walimsaidia kuivusha juu ya lile dude. Nilimkimbilia, nikamwambia mambo kwa kurukaruka maneno: mtoto, damu, Kasongo, mama yangu yule pale. Alimtazama Mama. Akaanza kufungua kamba, akashusha bidoni zote majanini.

"Utanilindia hizi," alisema. "Ikipotea moja, watoto wangu hawasomi."

"Nitalinda, Papa."

"Mama! Ngojea, Mama!" Papa Amisi aliita.

Wakaenda, Mama amekaa nyuma na Sifa kifuani, Papa Amisi akikanyaga amesimama. Nikabaki na mafuta ya mtu, na Mjomba aliyekuwa akiongea peke yake na pikipiki. Sikuwa na la kufanya ila kungoja. Nilizipanga zile bidoni, nikazipangua, nikazipanga. Kila ndege aliyelia nilidhani ni mtu analeta habari. Nilitafuta mzaha hata mmoja kichwani ili nipumue, sikupata. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alizaliwa pale pale, akaniketia mapajani.

Jua likiinama, Papa Amisi alirudi. "Tumefika. Wamemupokea. Alikuwa anapumua." Zaidi ya hapo hakujua, na mimi niliogopa kuuliza mara ya pili.

Kesho yake watu wengi walilitoa dude kwa miti na kamba, na aliyepita wa kwanza ni Kaka Shabani, akirudi kutoka Salamabila. Alisikiliza yote, akanionyesha kiti. Alinipeleka hadi Kasongo bila kunitukana hata kidogo. Ningelipa ili anitukane.

Nilimkuta Mama kwenye baraza ya hospitali, Sifa amelala mapajani, ameshaongezwa damu, kidole cha mtoto kimerudisha rangi kidogo, kama ndani ya pera. Nikapiga magoti, nikamwambia uongo wote, wa kwanza na wa pili.

Kabla sijakuambia alichojibu, shika nasaha yangu. Pikipiki kubwa ipende, itamani, siku moja uinunue, ukatembee nayo kwenye udongo mkavu peke yako na fahari yako. Lakini kitu ambacho kikianguka huwezi kukiinua, usimpandishe juu yake mtu unayempenda. Njia ndiyo inayochagua pikipiki. Macho ya watu hayana haki hiyo. Na mgonjwa akiwa ndani ya nyumba, kijana mwenye maneno matamu uani mpeni kazi ya kuchota maji. Mungu akupe barabara kavu, mwanangu, na madaraja yenye mbao zote. Akupe motari mwenye pikipiki ya kukohoa na moyo wa kufika, na wadogo zako wote wakue wakukimbize.

Mama alimfunika Sifa vizuri kwa kikwembe. Kisha akasema:

"Kasirani nitaileta kesho. Leo niko na usingizi. Shika mutoto. Akilia, uniamushe; usifikiri kwanza."