Tone la Maji, Vumbi la Mawe

Fundi anakata mawe ya ngazi yangu kwa mashine, na harufu ya jiwe lililoungua inanirudisha Kilosa, kwenye zahanati ambayo kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kikijijengea. Baba alishika msumeno wa injini. Wakataji wote waliagizwa kujifunga mdomoni kitambaa kilicholoweshwa, vumbi lisiwaingie kifuani. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na baba alikivua.

“Tone moja likipita kooni, saumu imeharibika.”

Mama, aliyekuwa akisomba maji ya ujenzi, alitua ndoo. “Na hayo mawe unayomeza tangu asubuhi, baba watoto?”

“Mawe si chakula!”

Wenzake walicheka. Mimi nilibaki nikijaribu kuelewa. Magharibi alipokunywa maji ya kufungulia, alikohoa hadi maji ya kikombeni yakawa meupe kama uji. Nilimuuliza kama saumu yake ilikuwa nzima.

“Nzima kabisa, mwanangu,” alisema, akakohoa tena.

Ninaloweka kitambaa, ninampelekea fundi. Anazima mashine, anatabasamu kwa adabu.

“Nimefunga, mama. Maji yasije yakanipita kooni.”

Ninasimama mbele yake, kitambaa kikichuruzika mkononi.