Siku Nilipomlowesha Mama Mkwe kwa Ajili ya Hewa

Mwalimu wa jiografia, mwenye shahada yake na upara wake, hapaswi kuulizwa sokoni kwa nini alimmwagia mama mkwe maji kichwani, lakini kwa kuwa Kamina nzima inaniuliza, bora msikie kwangu mwenyewe.

Binti yangu Ngoie alikuwa amepata nafasi Lubumbashi ya kusomea hali ya hewa, na bibi yake mzaa mama (kambo, tunavyosema huku) alikuwa amekataa. Bila neno lake mtoto hapandi treni. Ukoo mzima tukakutana uani kwake Jumapili baada ya misa, mimi nikikaa mbali, maana kwetu Waluba mtu hamsogelei mama wa mkewe ovyo.

"Kusoma upepo," akasema. "Ile njo kazi gani? Upepo iko bure."

Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikaomba glasi ya maji na kipande cha katoni, nikaifunika, nikaipindua, nikaondoa mkono, na maji yakabaki ndani, kwa sababu hewa inayotuzunguka husukuma hata kutoka chini kwenda juu. Wakapiga makofi. (Ndugu zangu, makofi ni pombe.) Shemeji yangu Banza, mtu wa reli asiyependa moto ufe, akasema, "Profesa, glasi iko ya batoto. Fanya na jagi, upitishe juu ya kichwa ya mama, tuone kama unaamini masomo yako."

Nikajaza jagi, nikaona uvivu kutafuta katoni kavu, nikalifunika kwa ileile iliyolowa, nikavuka ua hadi alipoketi mama mkwe, nikapindua, nikaondoa mkono, nikaanza kueleza, na maelezo yangu (mke wangu hunionya) ni marefu, katoni ikapinda, hewa ikapenya, na maji yote yakashukia kilemba chake na kitenge kipya cha Pasaka.

Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniua.

"Hewa imechoka," Banza akasema.

"Mwalimu yake ameshindwa," mama mkwe akasema taratibu, "na munataka nimutume mutoto akashindwe kule mbali?"

Ngoie akaninyang'anya jagi, akalijaza, akachana katoni nyingine. "Kambo, hewa haikushindwa. Papa ametumia katoni ya kulowa, ikapinda, hewa ikaingia mu jagi. Papa, ikala hapa."

Nikaketi. Akalipindua juu ya upara wangu, akaondoa mkono, akamtazama bibi yake. Hata tone halikuanguka. Mama mkwe akasogea, maji yakimchuruzika kidevuni, akaigusa katoni kwa kidole.

"Aende," akasema. "Mu hii jamaa lazima mumoja ajue. Na weye, mukwe, utalipa kuku. Jogoo."

Ndipo ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka kuwapita, na siku Ngoie alipopanda treni nilipiga makofi stesheni mpaka watu wakanitazama. Ila mbele ya wakwe, tangu siku hiyo, hewa naipumua tu. Kuieleza nimemwachia binti yangu.