Kaye ya Bluu Niliyoichoma Mwenyewe

Niliijua kwa mshono wake. Jalada la bluu lilikuwa linajikunja ndani ya moto, nyuma ya maktaba ya Gitega, na uzi niliopitisha mimi kwa sindano ya magunia ulikuwa bado unaonekana. Niliingiza mkono. Nilitoa majivu na ngozi iliyoungua. Moto ule niliuwasha mimi.

Kaye ile, daftari tu la shule, iliandikwa na mwalimu wa kilima chetu, kule Muyinga, baada ya vita: majina ya watu wetu waliouawa, na kila mmoja amelala wapi. Mama alikuwemo, na ndugu zangu wawili. Mwalimu alipokufa niliiweka maktaba ya Muyinga, kisha nikaomba iletwe Gitega, nilikofagia na kubeba makartoni, ipigwe fotokopi.

Kati ya maktaba hizo mbili tulikuwa na desturi yetu, maana sisi wabebaji hatukusoma sana. Kartoni ya kamba nyekundu: weka. Ya kamba ya mgomba: choma, ni karatasi zilizoliwa na mchwa. Miaka yote hatukukosea.

Bon, akaja shefu mpya, mkubwa wa maktaba yetu. "Hapa hatupigi kelele kama sokoni. Tunaandika." Akatundika ubao mlangoni kwake, kila kitu kwa Kifaransa.

Wiki ya kaye yangu kuletwa, kamba nyekundu ziliisha Muyinga. Wakafunga yote kwa mgomba, wakatuma barua: safari hii msichome. Shefu aliisoma. Sekretari wake aliibandika ubaoni. Mi nilipita pale na ufagio mara nne, nikamwuliza:

"Dada, leo iko habari gani?"

"Soma, papa. Ama macho yako iko konji, iko likizo?"

Wenzake walicheka. Niliona haya, nikaenda kutafuta kiberiti. Na walijua kila Ijumaa mimi ndiye ninayechoma.

Nilipompelekea shefu mkono wangu ulioungua, aliangalia ubao.

"Iliandikwa."

"Kwa nani, shefu?"

"Kwa wote."

Sasa kila asubuhi nazunguka uani nikiyataja majina, nyumba kwa nyumba, kama zilivyokuwa kilimani. Nikifika kwa mfinyanzi, napotea. Watoto wake walikuwa wanne au watano? Narudi mwanzo, naanza tena.

Sitaki wafukuzwe kazi. Nataka shefu yule na sekretari wake wapande kilima chetu, wasimame mbele yetu tuliobaki, waseme kwa mdomo, si kwa karatasi: kwa nini hawakuniambia.