Vitenzi Nilivyonong'ona Kwenye Kahawa

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi ile mama alipokanyaga udongo peke yake. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Emaajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya wakoloni, na tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya karibu na Ruiru, kilichozungushiwa handaki. Kwetu mwanamke hakandiki nyumba yake peke yake. Huwaita wenzake, nao huja na maji na kelele zao, kuta zikaisha kabla jua halijazama. Mama aliwaita, hakuja mtu. Mvua ilikuwa njiani, na upepo ulipenya kwenye fito ukampiga ndugu yangu mchanga, aliyekuwa anakohoa vibaya.

Sababu ilikuwa mimi. Nilikuwa nasoma shule huko Thika, na mtihani wa Kiingereza ulikuwa umekaribia. Nomino hazikunisumbua, lakini vitenzi vilinitesa: cha leo hivi, cha jana vile, na cha jambo lililokwisha kina sura yake tena. Basi siku za kuchuma kahawa na wanawake wale nilinong'ona: go, went, gone, see, saw, seen. Nao, kwa siku zile, wakisikia mtu akinong'ona Kizungu walifikiria jambo moja tu, watu wanaowachongea wenzao kwa askari. Mume wa Wangari, jirani yetu, alikuwa ametoka kuchukuliwa na askari. Nikikaribia, mazungumzo yalikatika. Mimi nami niliwashuku. Nilidhani wananionea kijicho kwa sababu nasoma, nikazidi kunong'ona.

Cucu, mama yake baba, hakunibembeleza.

"Wee Nyambura, hiyo maneno unatafuna kwa kahawa, nani anajua ni ya nini? Hata mimi naogopa. Enda useme mbele yao, wasikie."

Asubuhi ileile niliwakuta wale wanawake mtoni wakichota maji. Nikasema vitenzi vyangu kwa sauti, nikieleza: hiki cha leo, hiki cha jana. Walisikiliza wamekunja mikono. Kisha Wangari akauliza polepole, "Na 'niliambia askari', hiyo ya jana, Kizungu inasema aje?"



"I told," nikamjibu. "Lakini mimi sikuambia mtu, mama. Naapa."

"Usiape," akasema. "Hiyo mambo ya kuapa tumechoka nayo."

Mchana ule Wangari alikuja kwetu. Akachota udongo, akakandika ukuta mzima akiwa amenipa mgongo, na wengine wakamfuata. Mpaka leo sijui kama aliniamini, au alimhurumia tu yule mtoto anayekohoa. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, jifunze Kiingereza, ukijue vizuri kabisa. Ila usijifunze kwa kujificha mbele ya watu wenye hofu. Waeleze mapema unachosema, maana wasichokielewa watakijazia wenyewe. Na mtu akikumwagia Kiingereza kingi, usikimbilie kupiga makofi. Tafuta kitenzi, kisha uliza nani alitenda, na lini. Mimi huwauliza hata wajukuu wangu, na wengi hununa. Wacha wanune.

Mungu akupe elimu, mwanangu, na akupe ulimi ambao jirani yako anaweza kulala karibu nao bila kufunga mlango.