Dada Viganja na Zamu Yake ya Kupakwa

Mtawa tunayemkumbuka kwa jina la Dada Viganja alizaliwa mwezi wa Machi, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Alikuwa na ngozi nzima isiyo na doa, na hilo ndilo lililomponza. Alipofika miaka mitano alizaliwa mdogo wake, mwenye ugonjwa wa kurithi ulio nadra sana: ngozi yake ikiguswa kidogo tu, ilitoka malengelenge na kuchubuka. Wakamwita Yai. Kila asubuhi mama alipasha marhamu moto kwa viganja vyake, akaipaka kwenye kitambaa laini, kisha akakilaza kitambaa juu ya kidonda, kwa maana ngozi ile haikustahimili kusuguliwa. Dada mtu alikunywa chai peke yake, macho mlangoni, wivu ukimchoma.

Wengi wanaoandika habari za watakatifu huwaosha kwanza. Mimi huyu simwoshi. Alimwonea wivu mtoto mgonjwa, tena wivu wa kupindukia. Akiwa na miaka tisa alisugua mkono wake kwenye ukuta wa ua hadi ukachubuka, akaenda kusimama mbele ya mama yake.

"Na mimi nimetoka malengelenge. Nipake."

Mama aliiona chokaa ya ukuta ndani ya mchubuko. Hakugomba. Alimsafisha, akampaka, akamfunga kitambaa, kisha akamwekea donge la marhamu kiganjani. "Haya, mwanangu, ipashe moto. Tumpake mwenzio pamoja." Huo, aliwaambia baadaye wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuwa watawa, ndio uliokuwa wito wake.

Aliingia utawani akiwa na miaka ishirini, akapangiwa zahanati ya shirika, na mama yao alipofariki Yai alihamia huko. Watoto wenye ngozi kama ile waliletwa kwa Dada Viganja kutoka mbali, na inasimuliwa kwamba kitambaa alichokilaza yeye hakikugandamana na kidonda kamwe. Ndipo likaja jaribu. Daktari alileta jeli mpya ya kupaka, pamoja na muuguzi kijana aliyefunzwa kuitumia. Madonda ya Yai, yaliyokuwa wazi tangu utotoni, yakaanza kufunga.

"Dada, mwache yeye anipake," Yai alisema. "Ana mkono mwepesi."

Dada Viganja alikwenda jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi. Alimwonea wivu muuguzi, akaionea wivu jeli yenyewe. Mpishi alimsikia akisali, "Mungu wangu, mdogo wangu anapona, na mimi nimenuna." Kisha akajifuta mikono, akarudi kando ya kitanda cha Yai.

"Nifundishe, binti yangu," alimwambia muuguzi, akiiweka kando ile marhamu ya zamani.

"Hii haipashwi moto, Sista. Inatakiwa ibaki baridi."

Akavaa glavu, akajifunza upya.

Alifariki mwezi wa Agosti, akiwa mzee. Wiki za mwisho mgongo wake ulichubuka kwa kulala. Yai, ambaye mikono yake sasa iliweza kushika kitu, aliomba marhamu ya zamani, akaipasha moto kwa viganja vyake, akakilaza kitambaa.

"Umengoja sana zamu yako, dada."

"Basi usiharakishe," alijibu, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Hadi leo, mgonjwa anapoletwa katika zahanati ile, wauguzi humtafuta kwanza ndugu yake mzima aliyesimama mlangoni, wakampaka kidogo mkononi. Nasi tufanye vivyo hivyo.